Maji ya Akiba Nyumbani: Kuyasafisha na Kuyatunza Hadi Yafike Kikombeni

Anayeishi kwenye miinuko ya Mwanza, iwe Igogo, Mabatini, Bugando au Isamilo, anaijua sauti ya bomba linalokaribia kukauka: linakoroma, linatema hewa, linatoa maji ya rangi ya chai kwa muda mfupi, kisha linanyamaza. Akisimama mlangoni analiona ziwa limetandaa hadi upeo wa macho, lakini ndani hana maji ya kumpa mtoto. Maji ya jiji huvutwa ziwani, pale Capri Point na Butimba, yakasafishwa na kusukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya mlimani, na kwa hiyo umeme ukikatika au bomba kuu likipasuka, wakazi wa juu huwa wa kwanza kukosa na wa mwisho kupata.

Maelekezo haya ni kwa ajili ya siku hizo. Nitangulize jambo ambalo kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko yote: kuyasafisha maji si kazi ngumu, na karibu kila kaya inajua kuchemsha. Kazi ngumu ni kuyalinda maji yaliyokwisha kusafishwa, tangu yanapotoka jikoni hadi yanapofika mdomoni, kwa sababu vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupata nafasi ya kurudi humo kwa urahisi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kiasi. Mtu mmoja akadiriwe lita 4 kwa siku kwa ajili ya kunywa, kupika chakula chepesi na kupiga mswaki, na mama anayenyonyesha, mgonjwa au mtu anayefanya kazi juani aongezewe. Akiba ya chini kabisa ni ya siku 3. Kwa kaya ya watu 6 hesabu inakuja lita 72, yaani madumu 4 ya lita 20, na nafasi kidogo inabaki. Mwenye nafasi aweke ya wiki mbili, ambayo kwa kaya hiyohiyo ni lita 336, sawa na madumu 17. Maji ya kuoga, kufua, kudeki na ya chooni yakae mbali na haya, kwenye diaba, pipa au simtanki, na kila mtu nyumbani ajue ni chombo kipi hakiguswi.

Kuhusu vyombo, dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo pana, kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kuingia. Lakini dumu lina historia yake, na huku ufukweni historia hiyo ina uzito wa pekee. Dumu la njano linalouzwa sokoni huenda lilibeba mafuta ya kula, na huenda lilibeba petroli ya injini ya mtumbwi. Plastiki hunyonya petroli, dizeli, rangi na viuatilifu, na hakuna sabuni inayoweza kuvitoa kabisa. Kabla ya kununua dumu lililotumika, tia maji ya uvuguvugu kidogo ndani yake, lifunge, liache juani kwa saa moja, kisha lifungue na kunusa. Ukisikia harufu yoyote ya mafuta ya injini au ya dawa, liache hapohapo hata kama bei yake ni nzuri. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula lioshwe kwa maji ya moto yenye sabuni pamoja na konzi moja ya mchanga mkavu au kokoto ndogo, likitikiswa kwa nguvu ili mchanga ukwangue ule utelezi unaoshika kwenye kuta na pembe za ndani, kwani utelezi huo ndio makao ya vimelea. Baada ya kulisuuza hadi maji yatoke meupe, changanya vijiko viwili vya chai vya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi tunaiita jiki, katika lita moja ya maji, mimina ndani, tikisa ili dawa iguse kila mahali pamoja na mdomo na kizibo, subiri dakika moja, kisha mwaga na uliache dumu likauke.

Sasa, maji yenyewe yatoke wapi? Yaliyo bora ni ya bomba yaliyokingwa mapema, kabla hayajakatika, wakati yanatoka kwa nguvu na yana rangi yake ya kawaida. Maji ya boza na ya mikokoteni yahesabiwe kuwa hayajasafishwa hata kama muuzaji anaapa kuwa ameyachota bombani, kwa sababu wewe hukuyaona madumu yake yakioshwa.

Maji ya mvua ni zawadi kubwa ya vuli na masika, ila bati ndilo linaloyaharibu. Kwa wiki za kiangazi bati hukusanya vumbi, majani, wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu na kufa taa zikizimwa, na kinyesi cha ndege, wakiwemo kongoti wanaoshinda kwenye soko la samaki la Mwaloni wakigombea mabaki na kutua juu ya paa zetu jioni. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Kipimo chepesi ni kumwaga angalau lita moja kwa kila mita mraba moja ya paa kabla ya kuelekeza gata kwenye chombo, na kwa hiyo nyumba yenye paa la mita mraba 50 ipoteze lita 50 za mwanzo bila kuzionea uchungu. Hata baada ya hapo, maji hayo yatibiwe kabla ya kunywewa.

Kisima kinahitaji tahadhari zaidi katika mji huu wa mawe. Kanuni ya kawaida ni kwamba choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, lakini penye miamba iliyopasuka maji machafu husafiri kwa kasi katika nyufa bila kuchujwa na udongo, na umbali huo peke yake haumhakikishii mtu chochote. Ongeza hapo tabia ambayo sote tunaijua na hatuisemi kwa sauti, ya baadhi ya watu wa juu kutapisha vyoo mvua kubwa inaponyesha ili mafuriko yabebe uchafu kuelekea mto Mirongo na ziwani. Kisima kilicho chini ya mteremko wa namna hiyo, siku mbili tatu baada ya mvua, ni hatari hata kama maji yake yanang'aa kama kioo.

Ziwa nalo ni chanzo cha mwisho, na lina mambo mawili ambayo mwongozo mwingi wa maji hauyataji. La kwanza ni kichocho. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni hutoa viluwiluwi vya kichocho ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea mchana. Anayelazimika kuchota achote alfajiri, kutoka kwenye gati au mtumbwi ulio mbali na majani, bila kuingiza miguu. Viluwiluwi hivyo haviishi zaidi ya saa 48 hivi bila kupata mwili wa kuingia, kwa hiyo maji ya ziwa yaliyotulia kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kamili yanakuwa salama kwa kuoga kwa upande wa kichocho, ingawa si kwa kunywa.

La pili ni ule utando wa kijani unaojikusanya ghubani siku za joto na utulivu, unaofanana na rangi iliyomwagika juu ya maji. Utando huo si majani ya kawaida; ni bakteria wanaoweza kutengeneza sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kuchemsha hupasua bakteria hao na kuiachia sumu ndani ya maji. Ukiuona utando wa kijani, au maji yakiwa na harufu ya majani yaliyooza, usiyachote kabisa kwa kunywa wala kupikia. Ndivyo ilivyo pia kwa maji yenye filamu ya petroli inayong'aa rangi za upinde wa mvua, na kwa maji ya mito inayopita kwenye machimbo madogo ya dhahabu, ambako zebaki hutumika: moto na klorini huua vimelea, haviondoi kemikali.

Ukishapata maji, yaangalie kwanza kama yana tope. Maji yenye tope hayatibiki vizuri kwa njia yoyote isipokuwa moto, kwa kuwa klorini hutumika kwenye uchafu badala ya vimelea, na mwanga wa jua hauwezi kupenya. Yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina sehemu ya juu polepole kwenye chombo kingine kupitia kitambaa. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi na kukunjwa mara nne inafaa kuliko kanga mpya, kwa sababu nyuzi zake zimechambuka na kuziba matundu. Hili limepimwa: huko Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa vivyo hivyo vilipata pungufu ya karibu nusu ya wagonjwa wa kipindupindu, kama ulivyoonyesha utafiti uliochapishwa mwaka 2003, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo hujishikiza kwenye vijidudu vidogo vya majini ambavyo kitambaa huweza kuvinasa. Nusu, hata hivyo, ni nusu tu. Kanga hutangulia matibabu, haichukui nafasi yake. Wapo wanaotumia shabu kushusha tope, na wapo wanaoponda mbegu za mlonge, na vyote hufanya kazi hiyo, ila maji ya mlonge yatumike siku hiyohiyo, kwani mabaki ya mbegu ni chakula cha vimelea.

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika kuliko zote. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni muda. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, lakini joto hilo linatosha kabisa kuua vimelea vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Yakishaanza kutokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini hadi juu, hesabu dakika moja kamili kisha epua. Zile dakika 10 au 20 ambazo wengi tulifundishwa ni mkaa na gesi inayopotea, na gharama hiyo ndiyo inayoifanya familia ichemshe leo na kuacha kesho. Yaache yapoe kwenye sufuria ileile aliyochemshia mpishi, ikiwa imefunikwa, halafu yamiminwe kwenye chombo safi. Maji ya mtoto mchanga, ya mzee na ya mtu mwenye kinga dhaifu yachemshwe hata kama klorini ipo, kwa sababu wapo vimelea wachache wenye ganda gumu ambao klorini haiwawezi.

Panapokosekana nishati, klorini huchukua nafasi. Vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard na Aquatabs hupatikana kwenye maduka ya dawa, na kile cha miligramu 67 kimekadiriwa kwa lita 20 za maji maangavu. Soma pakiti yako, kwa maana viko vya ukubwa tofauti. Asiye na vidonge anaweza kutumia jiki, kwa masharti ambayo hayana mjadala: iwe ya kawaida, isiyo na manukato, rangi wala sabuni, na asilimia yake iwe imeandikwa kwenye chupa. Yenye asilimia 3.5 ina miligramu 35 za klorini katika kila mililita. Nusu kijiko cha chai, ambayo ni mililita 2.5, katika dumu la lita 20 inatoa miligramu 4 na kidogo kwa lita, ndani ya kiwango cha miligramu 5 kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani. Pima kwa kijiko, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Tikisa, funga, subiri dakika 30, kisha fungua na kunusa: pawe na harufu hafifu ya klorini. Ikikosekana, rudia kipimo hicho mara moja na usubiri dakika 15 nyingine. Ikikosekana tena, maji hayo ni machafu mno na hayafai. Chupa ya jiki ikae gizani na mahali pa baridi, isizidi mwaka, kwa kuwa hupungua nguvu kimyakimya, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine za usafi, kwani gesi inayotoka huumiza mapafu.

Njia ya jua ningependa itumike zaidi kuliko inavyotumika, maana jua la hapa ni kali na halilipiwi. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zilizooshwa na kutolewa karatasi. Zijaze maji maangavu. Ili kujua kama yanatosha uangavu, simamisha chupa juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni, na kama unasoma kichwa cha habari kilicho chini yake, yanafaa. Zilaze juu ya bati tangu asubuhi, zipate saa 6 za jua kamili. Wingu likifunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku 2 mfululizo, na siku za mvua tupu tumia njia nyingine. Uzuri wake ni kwamba maji yanabaki kwenye chupa ileile hadi yanaponywewa, bila kupita kwenye mkono wa mtu.

Hapo tunarudi kwenye kulinda. Mwaka mmoja maji yalikatika mtaani kwetu kwa siku kadhaa, na mtoto wetu mdogo akaanza kuharisha ingawa kila tone la kunywa lilikuwa limechemshwa. Nilikaa asubuhi nzima nikiitazama ndoo. Juu ya mfuniko palikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu, kimefudikizwa, kimelowa, na inzi anatembea pembeni yake. Mtoto wa kwanza aliinua mfuniko, akauweka sakafuni ukiwa umelalia upande wa ndani, akachota, akaurudisha. Wa pili alikuta maji yamepungua, akaingiza mkono hadi kifundo ili kikombe kifike chini, na vidole vyote vitano vikazama. Alikuwa ametoka uani dakika chache kabla. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Sisi wazazi ndio tuliowapa chombo kinachowalazimisha kutia mikono.

Siku hiyohiyo tulinunua ndoo yenye bomba, tukaiweka juu ya stuli ili kikombe kikae chini yake, na mfuniko hauondolewi ila wakati wa kujaza. Asiyeweza kuipata atumie dumu na kumimina, au kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani na isiyotumika kwa kitu kingine. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kujaza, na bomba la ndoo lisuguliwe kila ndoo inaposafishwa, kwa maana watoto hulishika na wakati mwingine huweka mdomo. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote iliyobaki ndani yake, hivyo yakishafunguliwa yaishe ndani ya saa 24; ya klorini nayo, yakifunguliwafunguliwa, yasitegemewe zaidi ya siku moja.

Madumu ya akiba yakae ndani, penye kivuli, juu ya ubao, mbali na mafuta ya taa, rangi na dawa za wadudu, kwa sababu mvuke wake hupenya plastiki. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Maji ya bomba yaliyofungwa vizuri yasipitishe miezi 6; mimi huyabadilisha kila mwezi, na ya zamani huenda kwenye kufua na kudeki, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Akiwapo anayeharisha, usisubiri. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, ichanganywe katika lita moja ya maji yaliyotibiwa, na kama haipo, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, katika lita hiyo moja. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Choo kikitoka kama maji ya kuoshea mchele, mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunyweshwa njiani.

Na bomba likirudi, usikinge maji ya kunywa papo hapo. Mabomba yakikaa bila msukumo huvuta uchafu wa nje kupitia kila ufa, na maji ya kwanza ndiyo yanayoubeba. Yakinge kwenye diaba kwa matumizi ya chooni hadi rangi ya chai iishe na hewa iache kutoka, yaendelee kutibiwa kwa siku mbili tatu za mwanzo, halafu madumu yaoshwe, yajazwe upya na kuandikwa tarehe mpya.